Heidelberg, London au Berkeley: Ugunduzi Upi wa Elementi Umfae Mwalimu wa Kemia wa Kigoma?

Mwalimu wa kemia mkoani Kigoma anayeandaa maonesho ya klabu ya sayansi, au anayetaka kuwafungulia wanafunzi wa kidato cha tatu mada ya elementi kwa kisa kitakachowakaa akilini, hukabiliwa na uchaguzi ambao vitabu vya kiada havimsaidii kuufanya. Vitabu hutaja jina la mgunduzi na mwaka, kisha hupita, kana kwamba elementi ziliokotwa njiani. Kipindi ni kifupi, vifaa ni vichache, na kisa kimoja kinachoelezwa kwa kina hufundisha zaidi ya visa vitano vilivyodonolewa juu juu. Kwa sababu hiyo ninalinganisha hapa maabara tatu za vyuo vikuu ambazo kila moja iligundua elementi zaidi ya moja, na kila moja kwa njia yake: maabara ya Heidelberg nchini Ujerumani, ya University College London nchini Uingereza, na ya Berkeley nchini Marekani. Nitaongeza pia ya Palermo, ambayo ni ndogo na haitajwi sana, lakini ina faida yake.

Wapo watakaouliza kwa nini Marie Curie hayumo. Yeye na mumewe Pierre walitangaza poloniamu na radiamu mwaka 1898, na kisa chao ndicho mwalimu hukimbilia kwanza. Nimemwacha kwa sababu mbili. Kazi ile ilifanyika katika majengo ya shule ya manispaa ya jiji la Paris iliyofundisha fizikia na kemia ya viwandani, si katika maabara ya chuo kikuu kwa maana halisi. Na, jambo lililo zito zaidi, hakuna hata hatua moja ya kazi hiyo inayoweza, wala inayopaswa, kuoneshwa mbele ya wanafunzi. Kisa chake kinahadithiwa tu, na wanafunzi wetu wamekwisha kukisikia.

Vigezo ninavyotumia ni viwili, wala sivipi uzito sawa. Cha kwanza ni kile ambacho mwanafunzi anaweza kukiona kwa macho yake kwa vifaa vinavyopatikana stoo ya shule au sokoni Mwanga. Cha pili ni aina ya fikra anayotoka nayo: je, amejifunza namna mtu anavyojua kwamba kitu alicho nacho ni kipya, au amejifunza jina na tarehe tu? Kigezo cha kwanza hukipa nguvu kisa cha Heidelberg, na cha pili hukipa nguvu kisa cha London. Hapo ndipo penye ugumu wa uchaguzi.

Heidelberg: mwali usio na rangi

Robert Bunsen alihamia Heidelberg mwaka 1852. Chuo kikuu kilimjengea maabara mpya iliyokamilika mwaka 1855, yenye mabomba ya gesi, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mjini. Bunsen hakuridhika na vichomeo vilivyokuwapo, kwa kuwa mwali wake ulikuwa wa manjano na wenye masizi, na mwali wenye rangi yake wenyewe hauwezi kumwonesha mtu rangi ya kitu kingine. Akishirikiana na Peter Desaga, fundi wa vifaa wa chuo hicho, alipata kichomeo ambacho huchanganya hewa na gesi kabla ya kuwaka, nacho hutoa mwali wa moto mkali ambao karibu hauna rangi. Hiki ndicho kichomeo cha Bunsen ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukichora daftarini pamoja na kola yake na tundu la hewa, bila kuambiwa kwamba kutokuwa na rangi kwa mwali ndiko kulikokuwa shabaha yenyewe.

Kwa muda Bunsen alijaribu kutofautisha miali ya chumvi mbalimbali kwa kuitazama kupitia vioo na vimiminika vya rangi. Mwanafizikia Gustav Kirchhoff, mwenzake katika chuo hichohicho, alimshauri aache vioo hivyo na apitishe mwanga kwenye prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe kinachoutenganisha mwanga kuwa rangi zake. Walipofanya hivyo, mwanga wa kila elementi uligawanyika kuwa mistari myembamba iliyokaa mahali pake pasipobadilika, iwe elementi hiyo imo ndani ya kloridi, kabonati au naitreti. Kifaa walichokiunda kwa kazi hii ni spektroskopu, na waliitangaza njia yao mwaka 1860. Uwezo wake wa kuhisi ulikuwa wa kustaajabisha. Walilipua miligramu tatu za kloreti ya sodiamu katika kona ya chumba iliyo mbali na kifaa, na baada ya dakika chache mwali uliokuwa mbele ya spektroskopu ukaanza kuonesha mstari wa manjano wa sodiamu. Kwa hesabu yao, kifaa kilikuwa kinahisi kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu moja.

Mtu mwenye kifaa cha namna hiyo hana budi kukijaribu kwenye kila kitu anachokipata, na Bunsen alikijaribu kwenye maji ya chemchemi ya madini ya Dürkheim. Baada ya kuondoa kalsiamu, strontiamu, magnesiamu na lithiamu, aliona katika masalia mistari miwili ya buluu, iliyokaribiana, ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana. Hiyo ilikuwa sesiamu, mwaka 1860. Ili kupata kiasi cha kupima, ilibidi lita zipatazo 44,000 za maji hayo zichemshwe hadi zikauke, na kilichopatikana mwishoni kilikuwa kama gramu 7 za kloridi ya sesiamu. Mwaka uliofuata, kutokana na jiwe liitwalo lepidolaiti, waliona mistari miekundu sana ambayo nayo ilikuwa ngeni, wakapata rubidiamu. Metali yenyewe ya sesiamu haikupatikana mpaka mwaka 1882, ilipotengwa na Carl Setterberg kwa njia ya umeme. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini elementi hiyo ilikubalika na wanakemia wote ilhali hakuna mtu aliyekuwa ameiona ikiwa peke yake.

Hapa Kigoma ina jambo ambalo shule nyingi duniani hazina. Chumvi ya Uvinza hupatikana kwa kukausha maji ya chemchemi za chumvi zilizo karibu na Mto Malagarasi, na kazi hiyo imefanywa na watu wa huko kwa karne nyingi kabla ya kuja kwa mitambo yoyote. Mwanafunzi wa Uvinza, au wa Kigoma mjini ambaye amepita njia hiyo, haambiwi jambo la mbali anapoelezwa habari ya lita 44,000 za maji ya chemchemi. Tofauti ni kwamba chumvi ya sodiamu ambayo Uvinza huifunga kwenye mifuko na kuiuza, Bunsen aliiacha ibaki kwenye kimiminika, akachukua kile kilichotuama. Swali la kuwaachia wanafunzi ni hili: katika maji ya chumvi yaliyokwisha kutoa chumvi yake, kunabaki nini?

Kuhusu kuonesha kwa macho, shule isiyo na gesi haina sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa motopoa tunayoitumia katika mitihani ya vitendo huwaka kwa mwali hafifu wa buluu ambao kwa kazi hii unafaa kuliko kibatari. Kibatari hakifai kabisa: mwali wake ni wa manjano kwa sababu ya masizi, na hicho ndicho kilema kilekile ambacho Bunsen alikuwa anakikimbia. Chukua waya wa nikromu, uchovye katika asidi ya haidrokloriki, uuchome, urudie mpaka usitoe rangi yoyote, kisha uchovye tena na uguse chembe za chumvi ya Uvinza. Manjano yatakayotokea ni makali kiasi kwamba aliye kiti cha nyuma atayaona. Mrututu (salfeti ya shaba) hutoa kijani chenye buluu. Chokaa ikayeyushwa katika asidi hiyohiyo kwanza hutoa wekundu wa tofali, ila kwa mwali wa motopoa wekundu huo huwa hafifu. Majivu ya kuni yana potasiamu, ambayo rangi yake ni zambarau hafifu, na hapa mwalimu ajiandae: vidole vyenye jasho vimekwisha kuuachia waya sodiamu ya kutosha kuifunika zambarau hiyo yote. Kipande cha kioo cha buluu cha kobalti huyazuia manjano yakapungua. Ikiwa hakipo, usione kwamba jaribio limeharibika, maana hilo ndilo tatizo lililowafanya Bunsen na Kirchhoff waende kwenye prizimu.

Prizimu pia si lazima inunuliwe. Boksi la viatu lililozibwa pande zote, lenye mwanya mwembamba uliotengenezwa kwa nyembe mbili upande mmoja na kipande cha CD kuukuu kilichowekwa kwa mshazari upande wa pili, hugawanya mwanga vizuri. Kwa mwali wa motopoa chumba lazima kiwe na giza, na hata hivyo wengi wataona mstari wa manjano tu. Lielekeze boksi kwenye balbu ya kubana matumizi, ile ya bomba la kioo lililojikunja, nao wataona mistari iliyotengana ya kijani na buluu itokayo kwenye zebaki iliyomo ndani. Kisha lielekeze kwenye mshumaa, nao wataona rangi zote zikiwa zimeungana bila mwanya. Tofauti ya picha hizo mbili inaeleweka bila hotuba.

Motopoa ina hatari ambayo haipaswi kupuuzwa. Mwali wake mchana karibu hauonekani, hivyo mwanafunzi anaweza kudhani umezimika akapeleka mkono, au mwalimu akaongeza mafuta juu ya moto ulio hai. Uzimwe kwa kufunikwa, na kopo la akiba lisiwe mezani.

Udhaifu wa kisa cha Heidelberg ni kwamba rangi zinavutia mno. Mwanafunzi anaweza kutoka akiamini kwamba sesiamu iligunduliwa kwa rangi ya mwali, jambo ambalo si kweli, kwa sababu kwa macho matupu mwali wa sesiamu hauachani sana na wa potasiamu. Bila boksi la CD, au angalau picha ya mistari, kisa hiki hupoteza nusu ya thamani yake na kubaki mchezo wa fataki. Yafaa pia kutaja kisa cha pembeni kutoka chuo cha madini cha Freiberg: mwaka 1863 Ferdinand Reich alikuwa na sampuli ya madini ya zinki aliyoishuku, lakini macho yake hayakutofautisha rangi, ikabidi amwombe msaidizi wake Theodor Richter atazame kwenye spektroskopu kwa niaba yake. Richter aliona mstari wa nili usiojulikana, na elementi hiyo ikaitwa indiamu. Katika darasa la wavulana wengi, huenda wapo mmoja au wawili wenye macho kama ya Reich ambao hawajawahi kumwambia mtu.

London: tofauti ya nusu asilimia

Kisa cha pili hakina rangi za kutazama mwanzoni; kina namba. Lord Rayleigh, aliyekuwa ameongoza maabara ya Cavendish mjini Cambridge, alikuwa anapima uzito wa gesi kwa usahihi wa hali ya juu. Kila alipoijaza chupa yake naitrojeni iliyotokana na hewa, baada ya kuondoa oksijeni, kabonidayoksaidi na mvuke, alipata gramu 2.3102. Alipoijaza chupa hiyohiyo naitrojeni iliyotengenezwa kutokana na kampaundi kama amonia, alipata gramu 2.2990. Tofauti ni gramu 0.0112, yaani nusu asilimia hivi. Mtu mwingine angeilaumu mizani. Rayleigh aliona kwamba vipimo vya kila kundi vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo mizani haina kosa, akaandika kwenye jarida la Nature mwaka 1892 akiomba maelezo kutoka kwa wanakemia.

William Ramsay wa University College London aliitikia. Aliipitisha naitrojeni ya hewa mara nyingi juu ya magnesiamu iliyopata moto mkali, ambayo hula naitrojeni na kuwa naitridi ya magnesiamu. Gesi ikazidi kupungua, na kadiri ilivyopungua, densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, ikapanda, mpaka ikabaki gesi isiyoliwa na kitu chochote, yenye densiti karibu mara 20 ya ile ya haidrojeni. Spektroskopu, ile ya Heidelberg, ikaonesha mistari isiyo ya naitrojeni. Ugunduzi wa arigoni ulitangazwa Agosti 1894 katika mkutano wa wanasayansi mjini Oxford. Leo tunajua kwamba gesi hiyo ni asilimia 0.93 ya hewa yote tunayoivuta.

Sehemu inayonivutia kuliko zote katika kisa hiki ilitokea zaidi ya miaka mia moja kabla. Mwaka 1785 Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme katika hewa yenye oksijeni ya ziada ili kuimaliza naitrojeni yote, na kila mara kikabaki kipovu kidogo ambacho hakikwisha. Alikikadiria kuwa hakizidi sehemu moja katika 120 za naitrojeni. Aliandika hivyo, akachapisha, na kwa zaidi ya karne wasomi waliyasoma maneno hayo wakapita. Kipovu kile kilikuwa arigoni. Mwanafunzi anayefuta masalia yasiyolingana na majibu ya kitabu, na tunawajua wanafunzi hao, kwa kuwa mtihani umewazoesha hivyo, anahitaji kukisikia kisa hiki kuliko anavyohitaji kuona rangi ya mrututu.

Baada ya arigoni mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1895 Ramsay alitafuta gesi inayotoka kwenye jiwe la uraniamu liitwalo kleveaiti linapotiwa asidi, akaona mstari wa manjano usiokuwa wa sodiamu. Mstari huo ulikuwa umekwisha kuonekana kwenye mwanga wa Jua tangu mwaka 1868, nao ulikuwa wa heliamu, ambayo hadi siku hiyo hakuna aliyeipata duniani. Mwaka huohuo Per Teodor Cleve na Abraham Langlet wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walifikia jambo hilohilo wakiwa peke yao. Kisha mwaka 1898 Ramsay na Morris Travers, kwa kuivukiza polepole hewa iliyogandamizwa na kupoozwa hadi ikawa kimiminika, walipata kriptoni, neoni na zenoni ndani ya wiki chache tu. Karibu safu nzima ya jedwali la elementi, ambayo Mendeleev mwenyewe, mwanakemia wa Urusi aliyelipanga jedwali hilo, hakuiachia nafasi, iliongezwa kutoka chumba cha maabara kimoja, na mwaka 1904 Ramsay alipewa Nobeli ya kemia na Rayleigh ya fizikia.

Kigoma ina la kuunganisha hapa pia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini mwetu, kuna heliamu nyingi chini ya ardhi. Sababu yake ni ileile ya jiwe la Ramsay: uraniamu na thoriamu katika miamba ya kale huchakaa polepole na kutoa heliamu, na joto la volkano la Bonde la Ufa huifungulia gesi hiyo itoke kwenye mwamba. Heliamu ndiyo hupoza sumaku za mashine za hospitali za kupiga picha za MRI, na mwanafunzi anayeuliza gesi isiyoungana na kitu ina faida gani apewe jibu hilo.

Udhaifu wa kisa hiki ni wa wazi: gesi zisizo na rangi wala harufu, na tofauti ya nusu asilimia ambayo mizani ya shule haiwezi kuipima. Wapo walimu wanaojaribu kuziba pengo hilo kwa mshumaa uliofunikwa glasi juu ya sahani ya maji. Nashauri jaribio hilo liachwe. Maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyopata joto ilitoka na iliyobaki ikapoa, na mshumaa huzimika kabla oksijeni haijaisha, kwa hiyo namba inayopatikana haina maana tunayoipa. Bora kuchukua uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, kuulowesha katika siki ili kuondoa mafuta, kuusukuma ndani ya neli ya majaribio, kuipindua neli juu ya beseni la maji na kuiacha mpaka kesho yake. Kutu hula oksijeni taratibu na maji hupanda karibu moja ya tano. Ikiwa hewa ilikuwa na urefu wa sentimita 10, sasa zimebaki kama 8. Hapo mwalimu achukue rula amwoneshe mwanafunzi kwamba katika hizo sentimita 8, ambazo kila mtu aliziita naitrojeni kwa miaka zaidi ya mia, kuna milimita moja hivi isiyo naitrojeni. Milimita hiyo moja ndiyo arigoni.

Berkeley, na kwa nini siipendekezi kwa kidato cha tatu

Kisa cha Berkeley ni kikubwa, na ukubwa ndio unaokiponza. Katika Chuo Kikuu cha California, Ernest Lawrence alijenga mashine ziitwazo saiklotroni, ambazo hukimbiza viini vya atomi kwa duara mpaka vipate kasi ya kugonga na kuingia katika viini vingine. Mwaka 1940 Edwin McMillan na Philip Abelson walipata neptuniamu, elementi ya 93, ambayo ndiyo ya kwanza kupita uraniamu. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1941, katika chumba namba 307 cha jengo la Gilman Hall, kundi la Glenn Seaborg lilikamilisha hatua ya kikemia iliyothibitisha elementi ya 94, plutoniamu. Ugunduzi huo ulifichwa kwa sababu ya vita na haukuchapishwa mpaka mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya bomu la plutoniamu kuangushwa Nagasaki, tarehe 9 Agosti 1945. McMillan na Seaborg walipata Nobeli ya kemia mwaka 1951.

Kipo cha kujifunza hapo. Wanafunzi huuliza kila mwaka kwa nini kuna mistari miwili chini ya jedwali la elementi kama vile ilisahauliwa, na jibu la mstari wa chini ni la Seaborg, aliyependekeza mwaka 1944 kwamba aktiniamu na zinazoifuata zihamishwe zikae peke yake. Lipo pia jambo la mendeleviamu, elementi ya 101, ambayo mwaka 1955 kundi la Berkeley liliitambua kwa atomi 17 tu, moja baada ya nyingine. Ukilinganisha na gramu 7 za Bunsen, utaona jinsi maana ya kusema tumeipata elementi ilivyobadilika ndani ya miaka mia.

Hata hivyo, kwa kidato cha tatu siipendekezi. Mwanafunzi hawezi kugusa wala kuona chochote, mwalimu atatumia nusu ya kipindi kueleza saiklotroni, na suala la bomu, ambalo haliwezi kufichwa na halipaswi kufichwa, litameza lililobaki. Kwa kidato cha sita, wenye msingi wa fizikia ya kiini na umri wa kuhojiana juu ya siri za vita, kisa hiki kina nafasi.

Uchaguzi wenyewe

Kwa maonesho ya klabu, ambako wageni ni wazazi na wanafunzi wa shule nyingine, na muda wa kila mtu mezani ni mfupi, chagua Heidelberg bila kusita, ilimradi boksi la CD liwepo mezani pamoja na miali. Kwa somo la darasani la kidato cha tatu au cha nne mimi huchagua London, ingawa najua walimu wenzangu wengi watanipinga wakisema wanafunzi watasinzia. Hawasinzii wakipewa zile namba mbili, 2.3102 na 2.2990, ubaoni bila maelezo, wakaambiwa kwamba mizani ni nzima na waseme wao kosa liko wapi. Mmoja atasema naitrojeni ya hewa ilikuwa na oksijeni iliyobaki, mwingine atasema ile ya amonia ilichanganyika na haidrojeni, na hayo yote mawili Rayleigh aliyafikiria na kuyachunguza. Mabishano hayo hayahitaji kifaa chochote, jambo ambalo kwa shule za pembezoni, zilizo mbali na mji na zenye maabara ya jina tu, ni hoja nzito kuliko rangi.

Asidi ikiwa haipo kabisa na waya safi haupatikani, Heidelberg isijaribiwe kwa vipande. Mwali wa manjano uliochafuka kila mara, bila njia ya kuusafisha, humfundisha mwanafunzi kwamba kila chumvi ni ya manjano.

Palermo naiweka kwa ajili ya kidato cha tano na sita, mahali pa Berkeley au sambamba nayo. Nafasi ya elementi ya 43 ilikuwa tupu kwenye jedwali. Emilio Segrè, wa Chuo Kikuu cha Palermo katika kisiwa cha Sicily, ambako hakukuwa na saiklotroni, aliitembelea Berkeley mwaka 1936 na kuomba mabaki ya vyuma vilivyopigwa na miale ya mashine ile. Mapema mwaka 1937 Lawrence alimtumia kwa posta bamba la molibdenamu, elementi ya 42. Segrè na mwenzake Carlo Perrier walilichambua kwa njia za kawaida za kemia, wakaonesha kwamba mionzi iliyomo haitokani na molibdenamu, wala niobiamu, wala zirkoniamu, na kwamba chanzo chake kina tabia za kundi la manganizi. Hiyo ilikuwa elementi ya kwanza kupatikana kwa kutengenezwa na binadamu, nayo baadaye iliitwa teknetiamu. Aina yake moja, teknetiamu-99m, hutumika hospitalini duniani kote kupiga picha za mifupa na moyo. Kazi ya darasani inajiandaa yenyewe: wape wanafunzi jedwali lenye pengo katika namba 43, waambie wamepokea kifurushi chenye bamba la molibdenamu lenye mionzi, na wataje, kwa mpangilio, elementi zipi wataanza kuziondoa kwenye orodha ya washukiwa na kwa mmenyuko gani.